Baba Mkubwa Yuko Paris, Mwana Yuko Farnborough

Chini ya kanisa la watawa Wabenedikto mjini Farnborough, kusini mwa Uingereza, kuna chumba cha makaburi ambacho baridi yake haijui kiangazi. Ndani mna masanduku matatu makubwa ya mawe. Moja ni la Napoleon wa Tatu, Kaisari wa mwisho wa Wafaransa. La pili ni la mwanawe wa pekee. La tatu limewekwa juu, nyuma ya altare. Hilo ni la mkewe Eugénie, aliyewazika wote wawili kisha akaishi miaka 41 mingine.

Nilikwenda pale na mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 15, amekuja kwangu kwa likizo, na amebeba jina la marehemu baba yetu, nahodha wa jahazi ambaye wazee wa Tanga wakikaa barazani bado wanamtaja. Mtawa aliyetuongoza alikuwa mpole na mwenye subira. Alipofika kueleza undugu wa Napoleon huyu na yule mwingine, yule anayejulikana dunia nzima, alitumia neno la Kiingereza lisilobagua: mjomba, baba mkubwa, baba mdogo, wote wamo humo.

Kijana akanisogelea.

"Baba mdogo, yule alikuwa mjomba wake au baba yake mkubwa?"

"Baba mkubwa," nikamjibu. "Baba wa huyu, Louis, alikuwa mdogo wake Napoleon, tumbo moja."

Akalitazama lile sanduku kwa muda.

"Kwa hiyo huyu ni mtoto wake."

Wiki sita zimepita na maneno hayo hayajaniacha.

Mjomba si baba mkubwa

Tunaposimulia habari za watu hawa kwa Kiswahili, mara nyingi tunasema kwamba wa Tatu alikuwa mpwa wa wa Kwanza. Nami nimewahi kuandika hivyo. Lakini mpwa ni mtoto wa dada. Mjomba kwetu ni mtu wa kutaniwa, mtu wa kuombwa hela ya soda, na wala hadai ufanane naye. Baba mkubwa ni habari nyingine. Ukoo wako ni wake, jina lako ni lake, na siku ukiteleza watu wanaulizana yeye angefanyaje.

Na kwa huyu wa Farnborough kamba zilimzunguka pande zote mbili. Mama yake, Hortense, alikuwa binti wa Joséphine, mke wa kwanza wa Napoleon, aliyezaliwa katika ndoa ya awali. Kwa hiyo kuumeni Napoleon alikuwa baba yake mkubwa, na kikeni alikuwa babu yake wa kambo. Mtoto akizaliwa katikati ya hapo, mwaka 1808, huku Dola iko kileleni, atakimbilia wapi?

Mwana halisi wa Napoleon, ambaye wafuasi walimhesabu kuwa wa Pili ingawa hakutawala, alifariki Vienna mwaka 1832 akiwa na miaka 21. Louis-Napoléon, ndiye huyu wa Tatu kabla hajatawala, alikuwa na miaka 24. Tangu siku hiyo akajiona yeye ndiye.

Mwandishi Victor Hugo, aliyekimbilia uhamishoni visiwa vya Jersey na Guernsey, alimwita Napoleon Mdogo, na jina hilo likaganda. Mimi pia kwa miaka mingi nilimchukulia hivyo: mkubwa alikuwa jua, mdogo alikuwa kivuli chake. Hata kwenda Farnborough nilikwenda kwa sababu pako karibu na ninapoishi.

Siku hizi sina uhakika tena na kipimo hicho.

Kitanda alichomtandikia mwenzake

Miaka kadhaa nyuma nilipata kuingia Invalides, Paris. Kaburi la Napoleon wa Kwanza liko katikati ya shimo la duara chini ya kuba. Wewe unasimama juu kwenye ukingo, na ili ulione vizuri sharti uinamishe kichwa. Sanduku lenyewe ni la jiwe jekundu lililotolewa Urusi, limekaa juu ya graniti ya kijani. Ndani yake kuna majeneza yaliyoingizwa moja ndani ya jingine: la bati, la mkangazi, mawili ya risasi, la mpingo, na la mwaloni. Nakumbuka nilivyosimama nikiwaza mbao hizo, mkangazi na mpingo, ambazo mafundi wa kwetu wanazijua kwa harufu.

Jambo nisilolijua siku ile ni nani aliyemweka pale.

Mwili ulirudishwa kutoka Saint Helena, kisiwa alikofia uhamishoni, mwezi Desemba 1840. Paris nzima ilitoka kuupokea kwenye baridi kali. Mtoto wa mdogo wake hakuwepo. Miezi minne kabla alikuwa ametua bandari ya Boulogne, Ufaransa, na kundi dogo la wafuasi akijaribu kupindua serikali, akashindwa, akahukumiwa kifungo cha maisha. Siku baba mkubwa anaingia Paris kwa shangwe, mwana alikuwa kwenye ngome ya Ham nyuma ya kufuli.

Mwili ukawekwa kwenye kikanisa cha pembeni, ukasubiri miaka 20 kaburi likichongwa. Tarehe 2 Aprili 1861 ukateremshwa mahali pake pa milele, na aliyesimamia alikuwa yule mfungwa wa Ham, sasa Kaisari. Yeye mwenyewe leo amelala kwenye graniti ya Scotland, zawadi ya Malkia Victoria, katika nchi iliyomvunja baba yake mkubwa pale Waterloo.

Ubao begani

Kutoka kwake Ham ndiko kulikoanza kunibadilisha.

Alikaa ngomeni karibu miaka 6. Alisoma, akaandika kijitabu kuhusu namna ya kuondoa umaskini. Tarehe 25 Mei 1846, mafundi wakiwa wanakarabati jengo, alinyoa sharubu, akavaa nguo za fundi na viatu vya mbao, akatia kiko mdomoni, akang'oa ubao kwenye rafu yake ya vitabu na kujitwika begani. Akatembea kuelekea langoni, ubao ukimficha uso kila alipomkaribia askari. Mbele ya mlinzi mmoja kiko kikamdondoka, kikavunjika.

Akainama akaokota vipande.

Mtu anayeokota vipande vya kiko chake mbele ya bunduki, kwa sababu ndivyo fundi maskini angefanya, amejifunza kitu ambacho baba yake mkubwa hakukijua. Yule wa Kwanza aliingia kila mahali kwa mlango wa mbele. Akiwa na miaka 24 alikuwa jenerali, akiwa na miaka 30 alikuwa mtawala wa Ufaransa, na aliyapata hayo kwa kipaji cha vita ambacho hata maadui zake hawakukikana. Wa Tatu alipata nchi kwa jina.

Desemba 1848 Wafaransa wanaume wazima wote waliruhusiwa kupiga kura kumchagua rais. Alipata kura zaidi ya milioni 5.4, karibu robo tatu ya zote. Wakulima wengi hawakuwahi kumwona wala kumsikia. Walilijua jina tu. Lilikuwa kwenye picha za ukutani na kwenye simulizi za wazee waliorudi vitani na mguu mmoja.

Na jina alilitumia hadi kwenye kalenda. Baba mkubwa alitawazwa tarehe 2 Desemba 1804 na akashinda vita vya Austerlitz tarehe hiyo hiyo mwaka uliofuata. Mwana akafanya mapinduzi tarehe 2 Desemba 1851, akatangaza Dola tarehe 2 Desemba 1852.

Kila mkopo una siku ya kulipwa.

Milango

Nilipoanza kuzipanga enzi zao mbili kwa miaka, kuna jambo lilijitokeza ambalo shuleni sikulisikia.

Wa Kwanza alipokea Jamhuri akaifunga mlango baada ya mlango. Novemba 1799 alichukua madaraka. Januari 1800 magazeti ya Paris yakapunguzwa hadi 13, na kufikia 1811 yalibaki manne. Mwaka 1802 akawa Konsuli, yaani mkuu wa Jamhuri, wa maisha, mwaka 1804 Kaisari. Katika kura ya maoni ya mwaka huo waliotangazwa kukataa walikuwa kama 2,500 nchi nzima, dhidi ya milioni 3.5 waliokubali. Nchi isiyo na watu wa kukataa ni nchi iliyonyamazishwa.

Wa Tatu alianza na mlango uliokomewa. Baada ya mapinduzi yake watu wapatao 27,000 walikamatwa, na maelfu wakapelekwa Algeria kwa nguvu. Wengine wakapelekwa Cayenne, koloni la Amerika Kusini, mahali ambapo wengi hawakurudi. Lakini kuanzia 1860 alianza kufungua. Bunge likaruhusiwa kujadili. Mwaka 1864 wafanyakazi wakapewa haki ya kugoma. Mwaka 1867 waziri wake wa elimu, Victor Duruy, alipitisha sheria ya kila kijiji chenye watu zaidi ya 500 kuwa na shule ya wasichana. Mwaka 1868 magazeti na mikutano vikalegezewa kamba. Januari 1870 Émile Ollivier, aliyekuwa mpinzani wake, aliongoza serikali.

Ni watawala wangapi tunaowajua walioingia kwa mabavu kisha, kwa mkono wao, wakawa wanayaachia madaraka kidogo kidogo? Nimejaribu kuwahesabu nikiwa kwenye basi la asubuhi. Vidole vilibaki.

Wapo watakaosema alilazimishwa, alizeeka, alikuwa mgonjwa. Ni kweli, na hata wa Kwanza aliporudi kutoka Elba, kisiwa alichohamishiwa mara ya kwanza, mwaka 1815 alikubali katiba yenye uhuru zaidi, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Hata hivyo sioni kwa nini kufungua kwa shida kuhesabiwe si kufungua.

Kwa haki, mengi aliyoyajenga wa Kwanza bado yamesimama: wakuu wa mikoa, Benki ya Ufaransa, shule za sekondari za serikali, na zaidi ya yote Sheria ya Madai ya 1804, iliyonakiliwa nchi nyingi. Ni sheria iliyosema raia wote ni sawa, na pia ikasema mke anawajibika kumtii mume. Wa Tatu yeye ameacha mji. Paris tunayoiona kwenye picha, barabara pana zilizonyooka, bustani na mifereji ya majitaka chini ya ardhi, ni kazi yake na ya mkuu wake wa mkoa, Haussmann. Maskini walibomolewa nyumba wakasukumwa pembezoni. Aliyewahi kuona tingatinga likiingia mtaa wa watu hahitaji maelezo.

Wafungwa wawili

Kama ningelazimika kuwalinganisha kwa jambo moja tu, ningechukua wafungwa wawili.

Wa kwanza ni Toussaint Louverture, mtumwa wa zamani aliyeongoza Saint-Domingue, Haiti ya leo. Bonaparte, yule Napoleon wa Kwanza, aliahidi kwamba uhuru wa watu wa kisiwa hicho hautaguswa, kisha akatuma jeshi. Sheria ya tarehe 20 Mei 1802 ikahalalisha tena utumwa makoloni. Mwezi uliofuata Toussaint aliitwa kwenye mazungumzo, akafika, akafungwa pingu. Alisafirishwa hadi Fort de Joux, ngome iliyo kwenye milima ya Jura. Mtu aliyezoea jua la Karibi akawekwa kwenye chumba cha mawe chenye unyevu, kuni zikihesabiwa. Alimwandikia Bonaparte, akaomba kesi isikilizwe. Hakujibiwa. Alifariki tarehe 7 Aprili 1803, akiwa peke yake.

Wa pili ni Amiri Abd el-Kader wa Algeria. Alipigana na Wafaransa miaka 15, akaweka silaha chini Desemba 1847 baada ya kuahidiwa kwamba atapelekwa Alexandria au Akka. Ahadi ikavunjwa. Akafungwa Ufaransa yeye na familia yake, mwisho katika kasri la Amboise, na ndugu na wafuasi wake kadhaa wamezikwa pale bustanini. Tarehe 16 Oktoba 1852 Louis-Napoléon, akiwa katika ziara, alisimamisha safari yake Amboise, akaingia mwenyewe kumwambia kwamba yuko huru.

Hakutuma barua. Alikwenda.

Mwaka 1860 Wakristo walipokuwa wakiuawa Damascus, Abd el-Kader aliwaficha maelfu nyumbani kwake na kuwalinda kwa watu wake. Sijui njia ya kupima enzi ya mtawala iliyo wazi kuliko hii: mtu uliyemshika mkononi, ulimfanyaje? Mmoja aliyeonja Ham alikwenda kufungua mlango. Mwingine aliacha barua bila majibu. Wakati huo hakuwa bado ameonja kifungo kirefu. Saint Helena ilikuja baadaye, na huko yeye ndiye aliyelalamika kuhusu baridi na unyevu.

Nilipoanza kusita

Hapo ndipo nilipofika baada ya wiki ya tatu, nimempenda yule Mdogo, nataka kuandika makala ya kumtetea.

Kisha nikasoma Mexico.

Mwaka 1862 majeshi yake yalikuwa huko yakipigana kumweka Maximilian, mdogo wa Kaisari wa Austria, juu ya watu ambao hawakumwita. Homa ya manjano iliwamaliza askari pale Veracruz. Akamwomba mtawala wa Misri, Said Pasha, askari weusi, kwa imani kwamba wao wataihimili homa. Wasudani zaidi ya 400 wakapakiwa melini usiku, Januari 1863, wakavushwa bahari mbili kwenda kupigana vita ambavyo hata jina la adui hawakulijua. Mwaka 1867 Wafaransa wakaondoka, na Maximilian akapigwa risasi Querétaro. Soma tena sentensi kuhusu Amboise, kisha hii. Ni mkono ule ule.

Algeria nako alikwenda mara mbili, akaandika kwamba yeye ni Kaisari wa Waarabu kama alivyo wa Wafaransa. Pengine aliamini. Lakini kati ya 1866 na 1868 ukame, nzige na kipindupindu viliua mamia ya maelfu ya Waalgeria chini ya utawala wake, kwenye ardhi iliyokuwa ikimegwa kwa walowezi.

Na pwani yetu imo humu humu. Wa Kwanza alipokuwa Cairo, Januari 1799, alimwandikia mtawala wa Muscat, Sultan bin Ahmad, baba yake Sayyid Said, akimwomba urafiki na kumpitishia barua ya Tipu Sultan wa Mysore, India, adui wa Waingereza. Barua zikaangukia mikononi mwa Waingereza. Kwake yeye Bahari ya Hindi ilikuwa njia tu ya kwenda India.

Enzi za huyu wa Tatu, meli za Kifaransa zilikuwa Kilwa zenyewe. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1848, lakini wenye mashamba ya miwa wa Réunion, kisiwa chake cha Bahari ya Hindi, walitaka mikono. Basi watu walinunuliwa kama watumwa, wakaulizwa mbele ya mwandishi kama wanakubali mkataba, wakaandikwa kuwa wafanyakazi huru, wakapakiwa. Kwa miaka kadhaa serikali yake iliruhusu. Novemba 1857 Wareno waliikamata meli moja ya aina hiyo, Charles-et-Georges, na mwaka 1858 alitishia kwa manowari mpaka ikarudishwa. Baada ya hapo akamwandikia waziri wake wa makoloni kwamba kama mpango huu si chochote ila biashara ya watumwa iliyovishwa nguo nyingine, haitaki kwa namna yoyote. Mwaka uliofuata ukasimamishwa.

Niliisoma habari hiyo usiku, nikafunga kompyuta. Alilinda heshima ya bendera kwanza. Kisha akatenda haki. Watu wa Kilwa waliokwisha kuvushwa walibaki Réunion.

Na tarehe 10 Machi 1862, mjini Paris, Ufaransa na Uingereza zilitia saini kwamba zitaheshimu uhuru wa Sultani wa Zanzibar na wa Muscat. Sayyid Majid alikuwa kwenye kiti Unguja. Ahadi hiyo ilidumu miaka 28, mpaka mwaka 1890 wakubwa hao walipokubaliana, Uingereza ichukue Zanzibar na Ufaransa iachiwe Madagaska.

Makala ya kumtetea niliifuta.

Deni linapodaiwa

Kilichobaki baada ya kufuta ni lile neno la kijana: huyu ni mtoto wake.

Mtu huyu hakuwa mtu wa vita. Juni 1859, pale Solferino, Italia, alilishinda jeshi la Austria. Maelfu kwa maelfu walilala uwanjani wakiwa wafu au majeruhi, na hali yao ndiyo iliyomgusa Henri Dunant hadi kukaanzishwa Msalaba Mwekundu. Kaisari naye alikiona alichokiona, na wiki mbili baadaye akasimamisha vita ghafla, kabla ya kuwapa Waitalia yote aliyowaahidi. Wakamlaumu. Mimi hapo namwona mtu aliyevaa koti la mwingine, mikono ikamzidi, na kwa siku moja akalivua.

Jina halikumruhusu kulivua moja kwa moja.

Mwaka 1866 Prussia, dola ya Kijerumani, ilipoipiga Austria, aliona hatari. Akataka jeshi kubwa, lenye askari wa akiba. Wabunge, wale wale aliokuwa akiwaongezea sauti, walikataa gharama, wakaupunguza mpango hadi ukabaki mifupa. Hili ndilo jambo lililonikaa rohoni kuliko yote. Wa Kwanza hangeuliza. Angechukua vijana, kama alivyowachukua mpaka Ufaransa ikapoteza watu wanaokadiriwa kukaribia milioni moja.

Mei 1870 zaidi ya milioni 7.3 walipiga kura ya ndiyo kwa katiba yake mpya. Julai, Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, akachochea, mitaa ya Paris ikapiga kelele za vita, mawaziri na Eugénie wakashikilia, na jina Bonaparte halikujua namna ya kusema hapana. Alikuwa na miaka 62 na mawe kwenye kibofu. Kukaa juu ya farasi kulikuwa mateso. Akaenda mwenyewe mstari wa mbele, kwa sababu baba yake mkubwa alikuwa akienda.

Tarehe 1 Septemba, pale Sedan, alizunguka kwa saa nyingi juu ya farasi kwenye mizinga, na wengi wanaamini alikuwa anatafuta kufa. Hakufa. Akaamuru bendera nyeupe ipandishwe ili waliobaki wapone. Siku iliyofuata alikuwa mateka pamoja na jeshi lake, watu wapatao 100,000. Tarehe 4 Paris ikatangaza Jamhuri. Wajerumani wakampeleka Wilhelmshöhe, jumba ambalo zamani lilikuwa la baba yake mdogo, Jérôme, enzi baba mkubwa alipokuwa akigawa falme kwa ndugu zake kama mtu anayegawa tende.

Waterloo inaimbwa. Sedan Wafaransa wanainamisha macho. Lakini bendera ile nyeupe, kwangu, ni jambo la heshima kuliko mengi yaliyochongwa kwenye ukuta wa Invalides.

Aliyelala upande wa pili

Mwanawe alikuwa na miaka 14 Sedan ilipoanguka. Alikulia Uingereza, akasomea uafisa wa mizinga, na mwaka 1879 akaomba kwenda vita vya Waingereza dhidi ya Wazulu. Hakuna aliyemhitaji kule. Lakini mtu anaitwa Napoleon, ana miaka 23, hajawahi kupigana.

Tarehe 1 Juni walisimama kupumzika kwenye maboma yaliyohamwa karibu na mto Ityotyosi. Wapiganaji wa Kizulu wakatoka kwenye majani marefu. Wenzake wakapanda farasi wakakimbia. Yeye alishika ukanda wa tandiko ili aruke juu farasi akiwa mbioni. Ngozi ikachanika, akaanguka, farasi akamkanyaga mkono. Alisimama akapigana kwa miguu, na majeraha ya mikuki yalikuwa upande wa mbele. Inasimuliwa kwamba tandiko lile ndilo baba yake alilolikalia Sedan.

Mwaka uliofuata mama yake alisafiri hadi pale, akakesha mahali alipoangukia. Kisha akarudi kujenga kanisa hili la Farnborough.

Kijana wangu alikaa mbele ya sanduku la pili muda mrefu kuliko la kwanza.

Kituoni

Tulirudi kwa treni ya jioni. Kwetu nyumbani kila mgeni akimwona huyu mtoto husema: somo wa nahodha huyu, damu ya bahari hii. Mimi mwenyewe nimesema mara ngapi. Hajui kuogelea. Likizo iliyopita nilimpeleka ufukweni na watoto wengine, akabaki amekaa mchangani na viatu miguuni, akisema maji ni ya baridi.

Treni ilipoanza kuondoka aliuliza, macho yako dirishani:

"Baba mdogo, babu alikuwa anapenda nini kingine? Mbali na bahari."

Ilibidi nifikiri. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikamwambia alikuwa na tuta la mchicha nyuma ya nyumba, na akirudi safari, kabla hajaingia ndani kusalimia, alipitia huko kwanza kuona umefika wapi.